Mtafiti Asiye na Mshahara

Kijana ana kazi ya takwimu Nairobi. Anaiacha, anarudi kwao Tetu, Nyeri, anaishi kwa githeri na vibarua vya kompyuta, na siku zake zinazobaki anazitumia kuchunguza usonji bila chuo, bila mfadhili na bila bosi. Tumpigie makofi, au tumshike mkono tumrudishe kazini?

Swali hili nimeliweka mbele ya wasemaji wanne. Wote ni wa kutunga, ndiyo maana nimewapa vyeo badala ya majina. Hoja zao hazikuhitaji kutungwa: ukikaa na wazazi wa watoto wenye usonji Karatina au Nanyuki, utazisikia zote kabla chai haijapoa. KIJANA ndiye huyo wa Tetu, na ana mdogo wake mwenye usonji. MAMA anauza mitumba katika soko la Karatina na mwanawe, aliye na miaka kumi na minne, hasemi. DAKTARI anatibu watoto katika hospitali ya umma. MWALIMU amestaafu baada ya kupima watoto kwa miaka mingi katika kituo cha EARC, vile vituo vilivyoanza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark ili mtoto mwenye ulemavu apimwe na kutafutiwa shule inayomfaa. Kazi yangu ni kuwapa zamu, ingawa mwenyekiti wa kikao hiki ana upande wake na hataficha.

KIJANA: Nianze na pesa, maana ndizo zinazowawasha. Sikuacha kazi kwa hasira. Niliweka akiba, nikauza gari, nikarudi nyumbani. Nalala chumba cha mabati nyuma ya nyumba ya wazazi. Maziwa yapo, nduma zipo, sukuma iko shambani, na avokado zikianza kuanguka hata ng'ombe anashiba. Kinachonila ni nauli na bando. Bando naipunguza kwa kupakua makala zote siku nikiwa mjini, kisha nazisoma wiki nzima bila intaneti. Asubuhi mbili tatu kwa wiki nafanya kazi za mtandaoni. Kule Nairobi nilikuwa nalipwa kuhesabu magari yaliyogongana. Watoto kama mdogo wangu hakuna aliyewahesabu.

DAKTARI: Mkopo wa masomo wa HELB unalipa?

KIJANA: Nalipa, daktari.

DAKTARI: Sikuulizi kwa uchokozi. Anayeacha kulipa hupigwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, na kwa pesa hizo kuna anayelipia bedsita. Bima ya afya ya SHA nayo inataka angalau shilingi 300 kwa mwezi hata kwa asiye na mshahara. Kujibana kuna sakafu yake. Ukishuka chini yake hujibani tena, unadaiwa tu. Na hizo kazi za mtandaoni ni zipi?

KIJANA: Nanakili mahojiano yaliyorekodiwa, nasafisha data za watu.

DAKTARI: Si kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao?

KIJANA: Niliwahi. Niliacha.

Nilitaka kumkatiza Daktari hapo, kisha nikamwacha. Biashara ya kuwaandikia wanafunzi wa nje kazi zao imewalisha vijana wengi wa Kenya wenye shahada na wasio na ajira, na sina haraka ya kuwahukumu. Lakini mtu anayetaka tuamini hesabu zake kuhusu watoto wetu hawezi kuchukia kuulizwa anakula kwa kazi gani. Mwenye mshahara huulizwa nani anamlipa. Asiye na mshahara aulizwe vilevile.

MAMA: Mnazungumza kujibana kana kwamba ni chuo alichohitimu kijana huyu peke yake. Mimi nimejibana tangu mwanangu azaliwe na hakuna aliyeniita mtafiti. Alipofika miaka miwili bila kusema, niliambiwa nisubiri, wavulana huchelewa. Akafika mitatu, nikaambiwa ni masikio; nikapanda gari hadi Nairobi, masikio yakaonekana mazima. Kwa baba yake wakasema ni thahu, laana, eti kuna jambo nililofanya nikiwa na mimba, na mbuzi akachinjwa. Neno usonji nililisikia akiwa na miaka saba, tena kutoka kwa mama mwenzangu kwenye foleni. Hakuwa mtu wa koti jeupe. Yote hayo nimeyaandika. Nina madaftari: tarehe, alichokula, usiku aliolala na usiku aliotembea nyumba nzima, siku aliyonishika kidole akanipeleka kwenye mtungi wa maji, maana ndivyo anavyoomba. Kijana, ulipokuja kwangu uliniuliza maswali saa nzima. Madaftari hukuyauliza.

KIJANA: Sikujua yapo, mama.

MAMA: Basi sasa unajua.

MWALIMU: Nami niseme. Katika kituo chetu mtoto alikuwa akifika na barua ya chifu au ya mwalimu mkuu, amechelewa, mama amechoka, na sisi tuna asubuhi moja ya kumtazama. Mama mwenye daftari kama hilo alitufaa kuliko sanduku zima la vifaa vya kupimia. Lakini hatukuwa na mahali pa kuliweka. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina, umri, aina ya ulemavu na shule tunayopendekeza.

KIJANA: Mahali pa kuweka anayoyajua mzazi ndipo nilipokwenda kupatafuta vitabuni. Kuna Mmarekani, Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa jeshi la wanamaji huko San Diego. Watoto hawakuwa fani yake. Yeye alikuwa akitengeneza mitihani ya wanajeshi. Mwanawe Mark alizaliwa mwaka 1956, mtoto wa kulia bila kunyamazika, na jina la hali ile walilipata kwa sababu mkewe alikumbuka kitu alichokisoma chuoni. Miaka ile wakubwa wa taaluma walishikilia kwamba usonji huletwa na mama mwenye moyo baridi.

MAMA: Kumbe na huko pia ni mama.

KIJANA: Na huko pia. Rimland alisoma kila alichoweza kukipata juu ya usonji, na mwaka 1964 akatoa kitabu kilichopinga dhana hiyo na kuonyesha kwamba chanzo kitafutwe kwenye ubongo na maumbile. Leo Kanner, yule daktari aliyeeleza watoto wake 11 wa kwanza mwaka 1943, ndiye aliyekiandikia dibaji. Mwishoni mwa kitabu Rimland aliweka fomu ya maswali kwa wazazi. Wakaijaza, wakamtumia kwa posta, kisha barua zikafuata barua. Mwaka 1965 akashiriki kuanzisha chama cha wazazi na wataalamu, na 1967 akaanzisha taasisi yake ya utafiti. Hakuwa na idara ya chuo nyuma yake.

DAKTARI: Umesimulia vizuri, lakini umeruka mawili. La kwanza, Rimland hakuacha kazi. Mshahara wa jeshi uliendelea kuingia, na safari za kikazi ndizo zilizomfikisha kwenye maktaba za miji mingine. Wewe umeacha mshahara ukabaki na ari. La pili, mtu huyohuyo aliyewatua akina mama mzigo baadaye alipigia debe dozi kubwa za vitamini B6, kisha akaunga mkono wazo kwamba zebaki iliyokuwa kwenye chanjo ndiyo inayoleta usonji. Tafiti kubwa zilipofanywa, wazo hilo halikusimama. Mtu akizoea kuwa sahihi peke yake dhidi ya wakubwa wote, siku anapokosea hamsikilizi mtu.

Hoja hiyo ya Daktari ndiyo nzito kuliko zote zilizosemwa kikaoni, na Kijana hakuijibu mara moja. Aliyemjibu Daktari ni Mwalimu, kwa mfano mwingine.

MWALIMU: Kuna mwanamke wa Montreal, Michelle Dawson. Alikuwa akipeleka barua za posta, na yeye mwenyewe ana usonji. Hakuwa na shahada. Alianza kusoma makala za kitaalamu na kuonyesha zilipokosea, mpaka mtafiti Laurent Mottron akamwingiza katika kundi lake. Mwaka 2007 walitoa utafiti wa watoto 38 wenye usonji waliopimwa akili kwa njia mbili, jaribio linalotegemea sana maelezo ya maneno na jaribio la maumbo. Kwenye maumbo walipanda juu sana kuliko walikokuwa wamewekwa na lile la kwanza. Nilipousoma nilikaa kimya, kwa sababu majaribio tuliyokuwa nayo hapa yalikuwa mengi ya maneno, na maneno yenyewe ya Kiingereza. Lakini angalia, kijana: Dawson hakubaki peke yake. Alikaa katika chumba chenye watu wa kumwambia hapana, naye akawaambia hapana.

DAKTARI: Hapo tunakubaliana.

KIJANA: Sikubaliani kwamba chumba kinatosha. Andrew Wakefield alikuwa na chumba. Alikuwa na hospitali nzima, Royal Free ya London, na jarida la Lancet lilimchapisha Februari 1998. Watoto 12 tu, naye akatokea mbele ya waandishi kuitilia shaka chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Aliyemfichua hakuwa mwenzake wa hospitali. Ni mwandishi wa habari, Brian Deer, aliyeuliza pesa zimetoka wapi. Alilipwa zaidi ya pauni 400,000 kupitia mawakili waliokuwa wakiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Lancet ikaifuta makala ile mwaka 2010 na mwaka huohuo akafutwa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Kwa hiyo mwenye taasisi alidanganya, na mtu wa nje akamkamata.

DAKTARI: Na katikati ya 1998 na 2010 watoto waliugua surua.

KIJANA: Waliugua. Ndiyo maana nauliza, daktari: ungeogopa nini zaidi, mtu asiye na taasisi au mtu aliyelipwa?

MAMA: Mimi namwogopa anayeuza.

Nilimwomba Mama aeleze.

MAMA: Wazazi wenye watoto kama wetu hujulikana haraka. Simu hulia. Kuna wa kukuuzia unga usio na ngano kwa bei ya nyama. Kuna wa vidonge vya kusafisha damu. Kuna wa kukuombea kwa sadaka ya mbegu ya shilingi elfu tano. Na kila mmoja huanza kwa kusema amefanya utafiti wake mwenyewe, kwamba madaktari wanaficha. Mwenzangu mmoja ameuza ploti. Kijana akija na chupa, hata iwe ya maji ya baraka, atanikuta nimefunga mlango.

KIJANA: Na nikija na maziwa ya ngamia?

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha wajuzi. Maziwa ya ngamia hutoka Isiolo na Laikipia, Nanyuki iko mlangoni, na habari kwamba yanasaidia watoto wenye usonji inazunguka miongoni mwa wazazi. Haikuzuka hewani: watafiti wa Riyadh, Saudi Arabia, walichapisha mwaka 2013 jaribio dogo lililoonyesha dalili za nafuu. Kijana alikuwa amepanga kutafuta watoto wa Nanyuki, nusu wanywe ya ngamia na nusu ya ng'ombe, awalinganishe baada ya miezi michache. Gharama ndogo, bidhaa iko karibu, swali wazi.

DAKTARI: Hapana. Nakataa, tena kwa sauti. Maziwa mabichi ya ngamia hubeba bruselosi, ugonjwa tunaoutibu kila mara kutoka kaskazini: homa, viungo kuuma, wiki kadhaa za dawa. Mtoto asiyeweza kusema kiungo kinauma atakwambiaje? Na ukiyachemsha, wanaouza watakwambia umeua nguvu yake. Halafu nani atapima matokeo? Wewe, uliyesafiri, uliyeweka akiba yako yote hapo, unayetamani yafaulu? Mzazi, aliyelipia? Jaribio la tiba kwa watoto lina kamati ya maadili, lina bima, lina mtu wa kulisimamisha katikati mambo yakiharibika. Huwezi kulifanya kwa kujibana.

KIJANA: Sawa. Hilo nimeliacha.

MWALIMU: Usiliache kwa unyonge, liache kwa hesabu. Kuna mambo ambayo mtu mmoja asiye na pesa hawezi kuyafanya hata akiwa mwerevu kiasi gani: dawa, vinasaba, picha za ubongo. Hayo yana wenyewe. Kilifi na Cape Town zimo katika mradi mkubwa wa vinasaba vya watoto wenye matatizo ya ukuaji, watoto na wazazi kwa maelfu. Hata kifaa cha kupimia usonji kinachosifiwa kuliko vyote duniani kinauzwa zaidi ya dola 2,000, kabla hujalipia mafunzo ya kukitumia. Uliza badala yake, ni kazi gani matajiri hawaifanyi kwa sababu inachosha?

Swali hilo la Mwalimu ndilo lililobadilisha mjadala, nami nitalikalia kidogo.

Kuhesabu kunachosha. Victor Lotter, aliyekuwa amefanya uchunguzi wa kwanza wa idadi ya watoto wenye usonji katika jimbo la Middlesex, Uingereza, na kuchapisha matokeo mwaka 1966, alikuja Afrika baadaye. Alipita miji 9 katika nchi 6, Kenya ikiwemo, akiwatafuta katika taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili. Alipata wachache mno, akachapisha mwaka 1978, na kwa miaka mingi wachache hao wakasomwa kama ushahidi kwamba usonji ni nadra kwetu. Lakini alitafuta ndani ya taasisi. Mtoto aliyefungiwa chumbani Mukurweini, au aliyekuwa akichunga mbuzi na baba yake huko Mweiga bila kusema neno, hakuwa katika taasisi yoyote.

Uganda walifanya kinyume chake. Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake wa Makerere walichukua maswali kumi yaliyozoeleka ya kutambua ulemavu wa watoto, maswali ambayo hata Kilifi yalishatumika, wakaongeza mengine mpaka yakawa 23, wakaenda nyumbani kwa watu Kampala na Wakiso. Watoto 1,169. Matokeo yakatoka mwaka 2014. Maswali 23, kalamu, mtu anayejua lugha ya mama mwenye nyumba, na daktari wa kuwapima upya walioonyesha dalili. Hicho ndicho chombo, na sehemu yake ghali ni muda.

Sensa yetu ya 2019 nayo iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Wenye ulemavu kuanzia miaka mitano walikuwa asilimia 2.2 ya Wakenya, na kaunti iliyoongoza ni Embu, jirani yetu upande wa pili wa mlima, kwa asilimia 4.4. Kwa nini Embu? Je, wana ulemavu zaidi, au waliuliza vizuri zaidi? Na katika hao ni wangapi wenye usonji? Sensa haikuuliza usonji kwa jina. Mtu mwenye elimu ya takwimu, chumba cha mabati na muda anaweza kuanza kulijibu swali kama hilo kwa kata moja, bila kumnywesha mtoto kitu.

KIJANA: Ndilo nitakalofanya. Na madaftari ya Mama.

DAKTARI: Na leseni.

KIJANA: Leseni ya nini, daktari? Nauliza wazazi maswali, sichomi mtu sindano.

DAKTARI: Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 haisemi sindano. Anayefanya utafiti Kenya awe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na utafiti juu ya watu upite kwanza kwenye kamati ya maadili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataka idhini ya mzazi kwa habari za mtoto. Leo una majina ya watoto wangapi kwenye kompyuta yako, nao wazazi walidhani wanapiga gumzo?

KIJANA: Hizo kamati zina ada, zina fomu za kurasa nyingi, zinataka uwe na msimamizi. Zimetengenezwa kwa wanafunzi wa vyuo. Mkisema niende huko mnasema nisianze.

MWALIMU: Hapo kijana ana haki, daktari. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kiko hapa Nyeri, Karatina kuna chuo kikuu kingine. Mlango wa mtu wa nje mwenye swali zuri na asiye na karo uko wapi? Nimewahi kuona mzazi akirudishwa getini. Tunamwambia afuate sheria kisha tunamfungia ofisi ya kuifuatia. Na watu wa Tetu wanajua kufungiwa ofisi. Wangari Maathai wa Ihithe alijiuzulu chuo kikuu mwaka 1982 ili agombee ubunge katika uchaguzi mdogo wa Nyeri, akaenguliwa, na alipotaka kurudi kazini nafasi haikuwepo. Alitolewa katika nyumba ya chuo. Alihamia katika nyumba yake ndogo ya South C na kuendelea na kazi yake ya kupanda miti, Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Kazi iliyompa Tuzo ya Nobeli mwaka 2004 ilipitia sebule ya mtu asiye na mshahara.

DAKTARI: Mwalimu, nami nampenda Wangari. Lakini alikuwa na shahada ya uzamivu tangu 1971, na baada ya miezi ya dhiki Wanorwe walikuja na Umoja wa Mataifa ukatoa fedha. Tena kuna tofauti nyingine. Mche hauombwi ridhaa. Mtoto wa Mama anaombwa, na kwa kuwa hasemi, anaombewa na mtu aliyechoka, anayemwamini yeyote mwenye upole. Ndiyo maana nang'ang'ania kamati.

MAMA: Niwaulize nyote, maana mmesahau. Kijana, hiyo githeri nani anaipika?

Kijana hakujibu.

MAMA: Ni mama yako. Na mdogo wako, unapokuwa mjini ukipakua makala, nani anamfunga viatu? Nani anaosha shuka? Na pesa za bonasi ya majani chai zikiingia kwa baba yako, nani anayekula kwazo bila kuchuma? Unajibana, naona. Lakini usiseme hakuna mfadhili. Mfadhili wako ni mama yako, na hajasaini popote.

KIJANA: Mama...

MAMA: Sikugombezi. Nami nina mwana. Nataka tu jina lake liandikwe. Wageni wakija na magari yao kutoka vyuo vikubwa, huchukua majibu yetu na haturudishiwi hata karatasi moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wale walikuja na mwenyeji hakupona. Wewe ni mtoto wa hapa. Ukifanya kama wao utakuwa umenihuzunisha mara mbili.

Kwa Mama ndiko nilikosimama, na nitasema kwa nini. Sifa ya mtafiti huru mara nyingi huandikwa kama hadithi ya mwanamume mmoja na ukaidi wake: chumba kidogo, chakula kidogo, wazo kubwa. Ukiichunguza hadithi hiyo unamkuta mwanamke. Rimland asingelijua hata jina la kutafuta bila kumbukumbu ya mkewe, na fomu zake zilihitaji wazazi wenye kalamu. Hapa Kenya, watu walioanzisha Autism Society of Kenya mwaka 2003 na kusukuma darasa la watoto wenye usonji katika City Primary School ya Nairobi walikuwa wazazi. Mzazi wa namna hiyo haachi kazi ili awe mtafiti; mara nyingi kazi ndiyo humwacha, kwa kuwa mtoto huhitaji mtu mchana kutwa.

Kwa hiyo kujibana kwa Kijana kunanunua kitu kimoja, nacho ni muda. Hakumnunulii ukweli, wala hakumpi haki ya kuaminiwa kuliko Daktari. Muda huo una thamani kubwa katika jambo linalokwenda polepole kama kumfuata mtoto kutoka mwezi wa tisa hadi mwaka wa nne, na mradi wenye fedha za miaka miwili hauwezi kumfuata hivyo. Kijana anaweza. Kijitabu cha mama na mtoto kinachotolewa kliniki kina ukurasa wa hatua za ukuaji: lini alikaa, lini alitabasamu, lini alisema neno la kwanza. Kurasa hizo zimelala katika makabati ya Othaya, Kerugoya na Nanyuki. Zikisomwa pamoja na madaftari kama ya Mama, zitatuambia miaka mingapi hupita kati ya siku mzazi aliposhtuka na siku mtu alipompa jina la hali ile. Kwa Mama ilikuwa miaka mitano. Nani anajua kama yeye ana bahati?

Nawapa uamuzi wangu, na Daktari asiponikubali tutakutana tena. Kijana asirudi Nairobi. Abaki, lakini achukue kazi ya nusu mshahara: afundishe hesabu katika shule ya jirani, au atafute kibarua cha siku mbili katika kliniki ambako watoto wanapita. Uhuru wa mtafiti hupimwa kwa jambo analoweza kulikataa, na mtu mwenye njaa ana machache ya kukataa. Asiguse mtoto bila leseni. Awape wazazi waliotoa madaftari nafasi ya kusoma na kupinga kila ukurasa kabla haujatoka, na majina yao yakae mbele pamoja na lake kama wakitaka. Na asiuze kitu chochote, iwe unga, maziwa, kozi, hata ushauri wa kulipia. Siku atakapouza chupa ya kwanza, Mama afunge mlango kama alivyoahidi.

Vyuo viwili vya Nyeri vina kazi pia: kila kimoja kiteue mhadhiri mmoja wa kupokea maombi ya watu wa nje wasio na karo, awasaidie kufika kwenye kamati ya maadili, na ada yao ipunguzwe. Nazo kaunti za Nyeri, Kirinyaga, Embu na Laikipia tayari zina wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Wapeni maswali 23 ya Kampala kwa Kikuyu, Kiembu, Kimaasai na Kiswahili, wayaulize mlangoni. Mzazi unayesoma haya, kitafute kijitabu cha kliniki leo, uandike tarehe unazozikumbuka kabla hujazisahau.